Jibu la Dakika Moja

Kikwajuni, Unguja
4 Februari 2024

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumai hujambo na kazi inakwenda. Sisi huku wazima.

Mama ndiye aliyeniambia nikuandikie barua pepe. Tukipigiana simu unaniuliza kama nasali, nakwambia nasali, kisha mtandao unakatika na nadhani sote wawili tunashukuru.

Nimeanza chuo, nasomea kutengeneza tovuti. Mwalimu ametutaka kila mmoja achague kihariri chake, yaani ile programu unayoifungua kwenye kompyuta ukaandika ndani yake maneno na alama ambazo baadaye zinageuka ukurasa wa tovuti. Anasema viko vingi na kila mtu achukue kinachomfaa. Hakusema mtu anajuaje kinachomfaa. Mama anasema wewe unawaendesha watu wa maofisini kila siku, huenda umesikia lolote. Kipi kizuri?

Usijisumbue. Hata neno moja linatosha.

Mwanao,
Zuhura

*

West Bay, maegesho ya chini
5 Februari 2024

Bwana Kioko,

Habari za huko juu kwenye kiyoyozi? Mimi niko chini yako ghorofa nyingi, namsubiri madam amalize mkutano. Kwa hiyo nina muda, kitu pekee ambacho dereva wa nyumba ya watu hakosi.

Binti yangu ameniandikia. Soma tena hapo: ameniandikia. Nilipokuja Doha alikuwa hajaanza shule. Mimi na mama yake tuliachana nikiwa huku huku, kwa simu, kistaarabu, na tangu hapo sijapata kwa mtoto huyu neno refu kuliko shikamoo. Sasa anauliza kihariri kipi kinafaa kwa kuandikia tovuti. Wewe ndiwe mtu wa kompyuta ninayemjua, na pia ndiwe mtu wa kompyuta pekee anayekunywa chai ya karak kwa kuikopa kwangu. Nisaidie.

Suleimani

*

West Bay
5 Februari 2024

Mzee Sule,

Hiyo swali ni ya dakika moja. Mwambie achukue VS Code. Ni ya bure, inaingia kwa laptop yoyote, na wengi wanaanza nayo. Mimi natumia Vim, lakini hiyo ni ugonjwa yangu ya kibinafsi, usimpelekee mtoto wa watu.

Imeisha hiyo. Ijumaa unapita kwangu Abu Hamour?

Kioko

*

West Bay, maegesho ya chini
5 Februari 2024

Bwana Kioko,

Hilo hasa ndilo ninaloliogopa. Swali la dakika moja nikilijibu kwa dakika moja, atanishukuru kwa dakika moja, na barua nyingine nitaipata siku anapotaka nimwozeshe. Hapo atakuwa hana budi, walii ni mimi.

Kwa hiyo jibu lako likae kwako. Usilipoteze, nitalitaka. Ninachotaka sasa ni maswali. Mtu wa kompyuta kabla hajamchagulia mwenzake kihariri humuuliza nini?

Suleimani

*

West Bay
6 Februari 2024

Mzee, wewe ni hatari.

Haya. Unaweza muuliza kama anapenda screen nyeusi ama nyeupe. Herufi kubwa ama ndogo. Mkono gani anatumia, maana kuna watu wanafanya kila kitu na kibodi bila kugusa mouse. Na kama anataka programu imkamilishie maneno akiandika. Lakini kwa kweli haya yote anaweza badilisha kwa hiyo hiyo VS Code. Nakuambia tu ukweli juu niko na dhamiri.

Kioko

*

Umm Salal
10 Februari 2024

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Barua yako nimeipata nikaisoma garini, kisha nikaisoma tena kwenye taa nyekundu mpaka wa nyuma akanikumbusha kwa honi.

Suala lako si dogo kama unavyolidhani. Nimefanya uchunguzi. Kule West Bay ninakomshusha madam kuna mkahawa chini ya jengo, na vijana wa kompyuta huja na mashine zao. Nimewatazama kupitia kioo. Mmoja uso wa mashine yake mweusi kama chumba cha mtu anayeumwa kichwa, mwengine mweupe kama shuka la hoteli. Mmoja hagusi kipanya kabisa, amekiweka kando kama mkwe asiyempenda. Na kila mmoja akikiona kihariri cha mwenzake hutabasamu kwa huruma. Kwa hiyo usikubali kukimbizwa.

Siwezi kukuchagulia kitu nisichojua kinakaa kwa nani. Nijibu haya kwanza. Ukikaa kuandika, mwanga unatoka upande gani? Unatumia mkono upi zaidi? Na herufi, unazitaka ndogo au kubwa?

Baba yako,
Suleimani

*

Kikwajuni
18 Februari 2024

Kwa Baba,

Shikamoo. Sikujua kama ni suala refu hivyo. Ahsante kwa uchunguzi.

Nakaa chumba cha uani. Dirisha liko kulia, na alasiri jua linaniingia machoni mpaka nafunga pazia, kisha nakuwa gizani, kisha mama anauliza kwa nini nakaa gizani.

Herufi nazitaka kubwa. Nina miwani.

Mkono wa kushoto. Maalimu wa chuo cha Kurani alijaribu kunigeuza nilipokuwa mdogo, akashindwa. Kula nakula kwa kulia kama watu, kuandika siwezi. Mama husema ukaidi huu nimeurithi, ila hajasema kwa nani.

Zuhura

*

Umm Salal
24 Februari 2024

Mwanangu Zuhura,

Miwani? Tangu lini? Ya kuonea mbali au karibu? Mimi niliyenayo kichwani ni picha yako ya kitambulisho cha darasa la saba, na humo hukuvaa kitu. Nimelazimika kukuvisha kwa mawazo. Nimejaribu ya duara, haikukaa vizuri. Niambie ni ya namna gani. Jambo hili lina uhusiano mkubwa sana na vihariri.

Mkono wa kushoto unatoka kwangu. Mama yako anajua hivyo, anafanya adabu tu. Mimi naandika kwa kushoto, na niliendesha gari za kwetu, usukani kulia na gia mkono wa kushoto, kwa raha zangu zote. Hapa gia iko kulia. Miaka yote hii nabadilisha gia kama mtu anayesalimiana na asiyemfahamu.

Sasa swali jengine. Kuna vihariri vinavyokumalizia neno kabla hujalimaliza. Unaandika herufi mbili, chenyewe kinajua ulikuwa unakwenda wapi. Wewe unapenda kumaliziwa maneno?

Baba yako,
Suleimani

*

Kikwajuni
3 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Sipendi. Mama hunimalizia sentensi tangu nijue kusema, na mara nyingi anaipeleka ambako sikuwa nakwenda. Juzi nilisema "Mama, nataka…" akaniletea chai. Nilikuwa nataka kuzungumza.

Miwani ni ya pembe nne, rangi ya kahawia. Ya kuonea mbali. Tangu kidato cha pili. Nilikuwa siwaoni watu mpaka wafike karibu, nikawa nawasalimu wote ili nisimkose mtu, na Kikwajuni nzima ikasema nina adabu. Nilipovaa miwani adabu ikapungua.

Kazi yetu ya mwisho kila mtu atengeneze tovuti nzima. Yangu ni ya akina mama wa mtaani wanaoshona kofia. Nimeanza kidogo. Mstari nikiukosea unabadilika rangi, basi najua.

Na wewe ukingoja garini unafanya nini siku nzima?

Zuhura

*

Umm Salal
9 Machi 2024

Mwanangu Zuhura,

Umeniuliza swali. Nimelihesabu kuwa la kwanza lisilohusu kompyuta, nikawanunulia madereva wote karak. Kuna Mnepali hajui hata sherehe ilikuwa ya nini, amekunywa vikombe viwili.

Nikingoja, nasikiliza. Madereva tunajua habari zote za Doha, nusu yake ya kweli. Nasoma pia, chochote kilichoachwa kiti cha nyuma. Nimesoma vitabu vya hesabu vya watoto wa nyumba hii mpaka darasa la sita, tunakwenda pamoja. Na siku hizi namfikiria mtu mwenye miwani ya pembe nne, ya kahawia, amekaa gizani kwa sababu ya jua. Huko nyuma nilikuwa namfikiria mtoto wa sare ya shule. Imebidi nianze upya, na si kazi mbaya.

Ramadhani inaingia, nitakuwa barabarani zaidi, wenye nyumba watafuturu kwa watu kila siku. Lakini uandike. Uniambie kiti chako ni cha aina gani. Watu hawajui kiti kinavyoathiri uchaguzi wa kihariri.

Baba yako,
Suleimani

*

Kikwajuni
22 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Haji, dereva mwenzako, amefika salama na mzigo wako ameuleta mwenyewe mpaka mlangoni, akanywa chai, akasema umekonda. Halafu akasema hukukonda ila kanzu ni pana. Sijui nishike lipi.

Kibodi uliyompa aniletee nimeipenda mno kuliko ninavyoweza kuandika. Nilipoifungua nikaona herufi za Kiarabu ziko pembeni ya hizi za kawaida, alif, be, te, zote, nikakaa chini sakafuni. Mama akauliza kuna nini, nikamwambia natafuta waya. Kumbe unakumbuka. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayekumbuka. Ulikuwa unanilaza kifudifudi kwenye mkeka, unaniandikia herufi mgongoni kwa kidole, mimi nikisie. Nikikosea unaifuta kwa kiganja na kuanza tena. Nilikuwa nakosea makusudi.

Sikuwahi kumwambia mtu. Ahsante, baba.

Kihariri si haraka.

Zuhura

*

Umm Salal
26 Juni 2024

Bwana Kioko,

Ile kibodi niliinunua kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Duka zima kibodi zote zilikuwa na herufi za Kiarabu, hapa ndivyo zinavyouzwa. Niliangalia rangi tu.

Mwanangu anaamini niliichagua kwa kukumbuka jambo. Anasema nilikuwa namwandikia herufi mgongoni kwa kidole, yeye akisie. Kioko, mimi silikumbuki. Nimekaa garini tangu asubuhi najaribu kuukumbuka mgongo wa mtoto. Naukumbuka mkeka. Ulikuwa na mistari ya zambarau, na pembe moja imeliwa na panya. Mkeka naukumbuka na mtoto simuoni juu yake.

Nikimwambia ukweli nitamnyang'anya kitu amekitunza miaka yote. Nikimuitikia nitakuwa nimemdanganya. Nifanye nini?

Suleimani

*

Abu Hamour
27 Juni 2024

Mzee Sule,

Hapo sina code ya kukupea. Mimi mwenyewe baba yangu sijui alikuwa anakumbuka nini, alienda kabla nimuulize. Mwandikie tu. Hata kama ni ya mvua na jua. Usinyamaze, hiyo ndiyo mbaya kuliko yote.

Na kwa heshima mzee, hiyo mchezo ya editor pia si poa. Msichana ako na masomo.

Kioko

*

Kikwajuni
8 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Mwezi wa Julai umepita wote sijapata barua. Labda wenye nyumba wamesafiri joto hili na wewe umebaki kumwagilia bustani. Ndivyo Haji alivyosema hufanyika.

Kiti changu ni cha mbao, hakina mto. Nilisahau kukujibu.

Zuhura

*

Kikwajuni
15 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Kazi ya mwisho tunawasilisha mwezi ujao mbele ya walimu, na mimi bado sijaambiwa nichukue kihariri kipi. Wenzangu wote wamekwisha chagua. Naomba unijibu upesi, nisije nikafeli.

Zuhura

*

Umm Salal
16 Septemba 2024

Mwanangu Zuhura,

Chukua VS Code. Ni ya bure na itaingia kwenye kompyuta yako bila taabu. Uso wake unaweza kuufanya mweusi, herufi ukazikuza, na kumaliziwa maneno ukakuzima.

Ukiwa na swali jengine muulize Bwana Kioko, anwani yake nimeiweka hapa chini. Anajua kuliko mimi.

Nakuombea ufaulu.

Suleimani

*

Kikwajuni
29 Septemba 2024

Kwa Kaka Kioko,

Samahani kukuandikia hatujuani. Mimi ni binti wa Suleimani, dereva. Baba amenipa anwani yako niulize maswali ya kompyuta. Nina moja tu, na si la kompyuta.

Baba amechoka na mimi?

Miezi yote alikuwa ananiandikia barua ndefu, ananiuliza miwani, dirisha, kiti. Nikampelekea shukrani ya kibodi akanyamaza. Sijui nilisema nini kibaya. Nikaona nimtie haraka, nikamwambia nitafeli asiponijibu, nikidhani ataandika zaidi. Ameandika mistari michache na kunikabidhi kwako, kama mzigo. Hata "baba yako" hakuandika chini. Ameandika Suleimani.

Na nikwambie jambo, ila kwa baba lisifike. VS Code ninayo tangu Februari. Siku ya pili baada ya kumwandikia, mwalimu aliturudisha darasani akatuwekea sote kwenye kompyuta zetu. Barua ya baba ilipokuja na maswali yale, sikuweza kumwambia nimekwisha pata. Hakuna aliyewahi kuniuliza mwanga unatoka upande gani.

Zuhura

*

Abu Hamour
30 Septemba 2024

Dada Zuhura,

Salamu. Nimesoma barua yako nikacheka, halafu nikaenda kunawa uso.

Ya mzee ni ya mzee, mimi siwezi kuyatoa nje. Lakini kitu moja nitasema, maana hiyo ni yangu mimi. Jibu ya VS Code nilimpea mwenyewe, siku ya pili baada ya wewe kuuliza. Alikuwa nayo mfukoni tangu Februari. Sasa jiulize, mtu anakaa na jibu ya dakika moja mpaka Septemba kwa nini? Na ukimwambia utafeli, anaitoa siku ileile.

Hajachoka. Tangu hiyo siku hata karak hanywi. Tafadhali fanya kitu, anakaa hapo kwa maegesho kama gari bila betri.

Kioko

*

Kikwajuni
3 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo.

Jibu lako nimelipata na silitaki.

Limetolewa kwa pupa. Hukuuliza kama mashine yangu ni nzito kuamka. Hukuuliza nikikwama nafanya nini. Nikikwama natoka nakwenda kukaa ukutani, nakula ubuyu mpaka ulimi unawaka, kisha narudi, na saa nyengine jawabu linakuwa limefika kabla yangu. Hayo yote hukuyajua na umekwisha niamulia. Tena umenipeleka kwa Kaka Kioko, ambaye ni mtu mwema ila miwani yangu haimhusu.

Nimefikiri nikaona kihariri hakichaguliwi kwa mbali. Lazima mtu aje aone. Haji anasema likizo yako ipo na kila inapofika unaiuza, unabaki kazini. Safari hii usiiuze. Tovuti ya kofia nitaimaliza na nitafaulu, kwa hilo usitie shaka, lakini suala letu mimi na wewe liko wazi na litabaki wazi.

Na ukiandika chini uandike baba yako. Suleimani wako wengi.

Mwanao,
Zuhura

*

West Bay, maegesho ya chini
26 Oktoba 2024

Mwanangu Zuhura,

Nimechelewa kwa kuwa nilitaka nikuandikie nikiwa na neno. Madam amekubali. Amesema, "Suleimani, nilidhani huna watu." Nikamwambia ninao, tunachagua kihariri. Hakuelewa, ila ametia saini. Nitakuja Disemba.

Kabla sijaja ujue jambo. Kibodi ile niliinunua kwa sababu ndiyo iliyokuwa dukani. Zile herufi sikuziwaza. Na ule mchezo wa mgongoni siukumbuki, mwanangu. Nimeutafuta Julai yote na Agosti yote, na ndiyo maana ulinikosa. Nimepata mkeka tu, wa mistari ya zambarau. Wewe unakumbuka kwa niaba yetu wote wawili. Nikija utanisimulia tena, polepole, usinimalizie maneno, labda utanitokea.

Kioko amekula yamini kwamba hajakwambia kitu, kwa hiyo najua amekwambia. Usimgombeze. Nimeanza tena kumnunulia karak.

Sasa nina swali moja la kitaalamu, na hili bila jibu lake siwezi kuendelea. Hapo unapokaa, chumba cha uani, dirisha kulia, umeniambia kiti chako ni cha mbao na hakina mto. Kiti cha pili kipo?

Baba yako,
Suleimani

*

Kikwajuni
26 Oktoba 2024

Kipo, baba. Kimejaa nguo. Nazitoa sasa hivi.

Zuhura